Barua kwa mwanangu anayeanza zamu kwenye chumba cha rada

Mwanangu mpenzi,

Hongera kwa leseni. Wakufunzi wamekufundisha kutenganisha ndege. Kuishi na waongoza ndege wenzako, kisha kurudi nyumbani ukiwa bado mke wa mtu, hakukuwekewa mtihani, ndiyo maana nakuandikia.

Nianze na kazini. Katika chumba hicho watu hawaringiani kwa mshahara, wanaringiana kwa nafasi ndogo wanayoiacha kati ya ndege na ndege. Kiwango cha chini kwa rada kwa kawaida ni maili 5 za baharini kwenye njia za juu na 3 karibu na uwanja, au futi 1,000 kwa wima. Nyuma ya ndege nzito, ya ukubwa wa kati huachiwa 5 na ndogo 6, kwa sababu ya msukosuko wa hewa unaoachwa na mabawa. Shindano ni nani atakaa karibu zaidi na kiwango bila kukivunja.

Sasa fanya hesabu. Ndege mbili zinakuja kutua kwa mwendo wa noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, umeziachia maili 3 kamili, skrini inapendeza. Ya mbele ikifika maili 4 kabla ya njia ya kutua inapunguza hadi noti 130. Ya nyuma bado inakimbia. Nayo ikishapunguza, zile 3 zimebaki kama 2.4. Ukitaka 3 zibaki hadi mwisho, uwe na karibu 3.7 pale ya mbele inapoanza kupunguza. Mimi ningeacha 4 na kuwaacha wanaocheka wacheke. Ukibana mno, atakayeamrisha ndege ipae tena ni mwenzako wa mnarani, na itakaporudi kwenye foleni itaharibu mpangilio wa wote. Sifa ulizitafuta wewe, gharama amelipa yeye. Uadui mwingi wa kazini huzaliwa hapo, halafu hukua kwa njia za chini kwa chini: jirani anachelewa kupokea ndege zako hadi zinagusa mpaka wa sekta, yaani kipande cha anga anachokisimamia, au anakukabidhi tatu kwa mpigo zikiwa na mwendo tofauti. Usilipize kwenye masafa ya redio. Mwite kando wakati wa mapumziko, taja saa na namba za safari, umwombe namna mtakavyokabidhiana kesho. Akikataa, peleka kwa msimamizi wa zamu.

Ugomvi hudhuru zaidi wakati wa kubadilishana kiti. Anayetoka humficha mwenzake jambo ili aadhirike kidogo. Anayeingia haulizi, kwa kuwa kuuliza kunaonekana ni udhaifu. Wewe soma orodha yote, hata kwa usiyesemezana naye: hali ya hewa na shinikizo, njia ya kutua inayotumika, mitambo isiyofanya kazi, kila ndege iko wapi, amri ulizotoa ambazo bado hazijatekelezwa, na ahadi ulizowapa sekta jirani. Hizo mbili za mwisho ndizo husahaulika, maana hazionekani kwenye skrini. Kisha baki nyuma yake dakika chache.

Na urafiki wa kupita kiasi nao ni hatari. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002 ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71. Katika kituo kilichozisimamia, kule Zurich, mwongozaji mmoja alikuwa peke yake akihudumia skrini mbili, mwenzake amekwenda kupumzika, kama ilivyokuwa desturi ya usiku iliyovumiliwa na wakubwa. Simu kuu zilikuwa zimezimwa kwa matengenezo. Mwenzako akikuomba umshikie kiti chake pamoja na chako, hata kama unampenda sana, kataa.

Nyumbani adui ni ratiba. Kule Marekani waongoza ndege wengi hufanya zamu za jioni mbili, asubuhi mbili, kisha usiku mmoja, zote ndani ya juma moja. Mwaka 2024 mamlaka ya anga ya huko iliagiza mapumziko ya saa 10 kati ya zamu, na 12 kabla ya zamu ya usiku. Kwenye hizo 10 toa usingizi wa saa 7, safari mbili, kuoga na kula. Kinachobaki ndicho ndoa yako inachopewa siku hiyo, nacho hakifiki saa mbili. Kwa hiyo msingoje nafasi ijitokeze. Ratiba ikitoka, kaeni pamoja, tieni alama saa zako za kulala, mchague siku ya kuzungumzia fedha na mambo mazito, na isiwe baada ya zamu ya usiku. Usibadilishane zamu wala kukubali kazi ya ziada kabla ya kumuuliza. Kwenye vituo vingi likizo huchaguliwa kwa ukongwe, sikukuu huchukuliwa na wakongwe. Mwambie mkwe wangu mapema asije akadhani ni wewe usiyeomba.

Halafu kuna sauti. Kutwa nzima unatoa amri fupi na rubani anairudia neno kwa neno papo hapo. Mumeo si rubani. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, anafikiri. Usirudie kwa ukali.

Wenzako wa usiku watakuelewa kwa nusu sentensi, na mume itabidi umweleze kwa sentensi tano. Wengi wameteleza hapo wakidhani wamepata mapenzi, kumbe wamepata mtu mwenye msamiati ule ule. Siku kiwango cha umbali kati ya ndege kikivunjika mikononi mwako utatolewa kwenye kiti, rekodi zitachukuliwa, utaandika maelezo. Siku hiyo usiingie nyumbani kimya kimya. Sema, "Leo nimetolewa kwenye kiti, sijawa tayari kusimulia." Hayo yanamtosha, asianze kubuni sababu nyingine ya kununa kwako.

La mwisho ni cheti cha afya. Chini ya miaka 40 kiwango cha kimataifa ni kupimwa angalau kila miaka 4, na kwa hofu ya kukipoteza watu huficha kukosa usingizi na huzuni mpaka vinawashinda. Kumwona mshauri wa ndoa si ugonjwa; nenda mapema, kabla hamjafika pa kutosemezana. Usimeze kidonge cha usingizi, wala cha mafua kinacholeta usingizi, bila kumuuliza daktari wa anga. Na siku ambayo hujalala, au mmegombana mpaka mikono inatetemeka, mwambie msimamizi kabla hujakaa kwenye kiti.

Msalimie mkwe wangu. Ratiba ya mwezi ujao ikitoka, mtumie yeye kwanza, mimi nitangoja.

Mama yako