Barua kwa binti yangu anayetoka wodini kwenda kwenye data

Mama,

Marahaba. Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza yote mpaka pale ulipoanza kupiga miayo, halafu nikaenda moja kwa moja kufungua hiyo profaili mpya ya LinkedIn, ule mtandao wa watu wa kazi, uliyosema niiangalie. Umeniomba ukweli kwahiyo ntakupa ukweli. Nimeisoma juu mpaka chini sijamuona mtu ninayemjua. Miaka yako yote ya unesi umeifuta, imebaki "uzoefu katika sekta ya afya" basi, na juu umeandika "Mtaalamu wa Mabadiliko ya Kidijitali na Suluhisho Bunifu". Hivi huyo ni nani jamani? Mtu wa namna hiyo akija kwenye rundo la CV namuweka pembeni, na wala si kwa roho mbaya, ni kwamba sijaambiwa anajua kufanya nini.

Naelewa kwanini umefanya hivyo. Umemaliza kozi ya uchambuzi wa data, umekaa darasani na vijana ambao hawajawahi kufanya kazi nyingine wala hawana cha kufuta, na unaogopa kwamba mwajiri akiona neno nesi ataona umepotea njia. Sasa nisikilize mimi niliyekaa upande wa pili wa meza kwenye usaili. Kitu cha kwanza tunachotafuta ni huyu mtu katoka wapi na kwanini yuko hapa leo, na tusipokiona tunajijazia wenyewe, na tukijijazia hatukupendelei: labda alifukuzwa, labda hajui anataka nini, labda anapita tu akipata pengine anaondoka. Hadithi yako usipoisema wewe, tutaitunga sisi, na tutaitunga vibaya.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba umefuta kitu chenye thamani kuliko hiyo kozi. Unakumbuka uliponisimulia jinsi manesi mnavyoandika presha na mapigo ya moyo kwenye kiganja, au kwenye kipande cha plasta mnabandika kwenye sare, kwasababu mfumo unataka ufungue skrini tano ndo uandike namba moja na mgonjwa wa kitanda cha pili anatapika? Halafu mwisho wa zamu mnakaa kwenye kompyuta mnaingiza vyote kwa mpigo. Sasa mchambuzi ambaye hajawahi kuingia wodini anafungua hizo data anakuta wagonjwa wote wamepimwa dakika ile ile moja alfajiri, anachora grafu yake nzuri ya rangi rangi anapeleka kwa wakubwa, na grafu ni uongo mtupu na yeye hajui. Wewe ukiiangalia sekunde mbili unajua. Unajua kabisa hiyo si saa ya kipimo, ni saa ya nesi kukaa chini. Hiyo ndo brandi yako mama, kama lazima tuitumie hiyo lugha, na haiuzwi kwenye kozi yoyote.

Kwahiyo rudisha unesi wako. Juu andika kitu cha kawaida tu, "Nesi wa wodi ya upasuaji, sasa mchambuzi wa data za hospitali", mtu anaelewa bila kukuna kichwa. Chini yake usiandike "nilihudumia wagonjwa", kila nesi kahudumia wagonjwa. Andika ulipokea na kukabidhi wodi ya vitanda vingapi kila zamu, andika uliwafundisha wenzako kutumia mfumo mpya ulipoletwa (ulinambia ulifanya hivyo, na ulilalamika wiki nzima!), andika uligundua taarifa zipi zinapotea wakati wa kubadilishana zamu. Hapo mtu wa mifumo anasoma anasema ahaa, huyu kumbe anatuhusu.

Kuna barua moja napenda sana kuitaja kwa watu wanaohama kazi. Mwaka 1482 hivi Leonardo da Vinci, ana kama miaka 30 na watu wanamjua kwa uchoraji, aliandaa barua ya kuomba kazi kwa Ludovico Sforza mtawala wa Milan, na rasimu yake ipo mpaka leo. Ina vipengele kumi. Vya mwanzo vyote ni madaraja mepesi ya kubeba vitani, mizinga, kuvunja ngome, magari ya kivita yaliyofunikwa, mpaka meli. Uchoraji kautaja mwishoni kabisa baada ya hivyo vyote, kwamba hata kuchora naweza. Yaani alikaa akajiuliza huyu bwana analala anaota nini, akaona anaota vita, akaanza na vita. Japo wewe usiige kila kitu, maana mengi ya aliyoyaahidi mle hakuwa ameshawahi kuyatengeneza, na siku hizi watu wanapiga simu kwa bosi wako wa zamani kuuliza.

Hii habari ya kujifanya brandi ilishika kasi 1997 Tom Peters alipoandika makala kwenye jarida la Fast Company, akiwaambia watu wajiangalie kama kampuni zinavyoangalia bidhaa zao. Ilikuwa na maana yake wakati ule. Lakini imezaa watu wengi wanaopaka rangi boksi kabla hawajaweka kitu ndani, picha ya kupigwa studio, rangi maalum, posti kila asubuhi za kutia moyo watu wasiowajua. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, na mimi miaka yote nimekubali nusu tu ya hiyo methali kwasababu kizuri kilichofungiwa kwenye laptop hakijiuzi hata kidogo. Lazima ukitoe nje. Ila kwanza kiwepo.

Kiwepo vipi ndo nimemuuliza kijana mmoja wa mifumo nayemuamini. Kasema zipo data za kweli za wagonjwa wa ICU, yaani wodi ya mahututi, za hospitali moja ya Boston kule Marekani, zinaitwa MIMIC, zimeondolewa majina na tarehe zimebadilishwa, na kuna toleo dogo la wagonjwa 100 ambalo liko wazi kwa yeyote. Lile kubwa lazima upite mafunzo mafupi ya maadili na usaini makubaliano. Chukua hilo dogo, tafuta humo hilo tatizo lako la saa za vipimo, ona lipo au halipo, andika kurasa mbili kwa lugha ambayo muuguzi mkuu anaweza kuisoma, weka hadharani. Moja tu iliyokamilika. Mimi kwenye panel ningemuita mtu mwenye hiyo moja kabla ya mwenye vyeti vinane.

Na hapa nakukazia kama baba: usije ukaposti kitu chochote cha wagonjwa wako wa zamani. Hata bila jina, hata picha ya skrini uliyoificha kwa alama nyeusi, hata "kuna mama mmoja alikuja usiku". Umri, ugonjwa na tarehe vikikaa pamoja mtu anajulikana. Utapoteza kazi mpya na leseni ya zamani kwa mpigo mmoja. Na leseni yenyewe endelea kuilipia na kuihuisha, nakuomba, kuitunza ni rahisi kuliko kuifufua, na siku ukikaa mezani na madaktari itakusaidia kusikilizwa.

Umeniuliza tena kama jina zuri ulilojenga wodini litakusaidia huko. Litasaidia kiasi. Muangalie George Weah, mwaka 1995 alikuwa mchezaji bora wa dunia, Liberia nzima inamjua mpaka watoto, akagombea urais 2005 akashindwa na Ellen Johnson Sirleaf kwenye duru ya pili, na wapinzani walimchapa sana kwa habari ya elimu yake. Jamaa akarudi shule mtu mzima, akachukua shahada ya biashara, 2011 akagombea umakamu wa rais wakashindwa tena, 2014 akaingia seneti, na mwisho wa 2017 ndo akashinda urais. Utawala wake ulikuwaje hiyo ni habari nyingine, watu wake wanajua kuliko mimi, ninachosema ni kwamba sifa za uwanja mmoja hazikuvuka zenyewe kwenda uwanja mwingine, ilibidi ajaze lile shimo walilokuwa wanamuonyesha kwa kidole. Wala mpira hakuuficha. Wewe shimo lako watakalolionyesha ni "huyu hajui kuandika code ya maana, yale maelekezo ya kompyuta", sasa hilo unalijua tayari, lijaze.

Kuhusu kutafuta watu. Mashoga zako wa wodini wanakupenda lakini hawatakupatia hii kazi, wanajua nafasi zile zile unazozijua wewe na vichwani mwao wewe ni sista tu. Kuna msomi wa Marekani anaitwa Mark Granovetter alichapisha utafiti 1973 akiwauliza watu waliopata kazi kupitia mtu fulani, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi. Waliokuwa wanaonana mara kwa mara hawakufika hata asilimia 17, karibu asilimia 28 walikuwa wanaonana kwa nadra sana, waliobaki wako katikati. Mtu uliyesoma naye zamani, yule fundi aliyekuja kufunga mfumo hospitalini, daktari aliyehamia bima, hao ndo wa kuwaandikia. Na usiwaombe kazi. Andika fupi: "Habari za siku nyingi. Mimi ni yule nesi wa wodi ya upasuaji, sasa hivi nachambua data za hospitali. Naona uko upande wa mifumo, naomba dakika 15 nikuulize kazi yenu inaendaje siku hadi siku." Wengi hawatajibu, usinune.

Vitu vidogo: LinkedIn ukiwasha ile alama ya kutafuta kazi kuna ya kuonekana na kila mtu na kuna ya maafisa ajira peke yao, na hata hiyo ya pili wenyewe wanasema hawawezi kukuhakikishia kwamba mwajiri wako hataiona, kwahiyo kama bado hujawaambia wa wodini usiiguse. Badilisha na hiyo email ya ujanani, unajua naisema ipi.

Halafu kuna hili ambalo hukulisema kwenye voisi lakini nimelisikia. Umezoea kuitwa sista, unapita korido watu wanakupisha, unaamka usiku kwasababu mtu anakuhitaji. Huko unakoenda utakuwa mdogo tena, utaelekezwa na kijana uliyemzidi miaka, na wiki nzima inaweza kupita hakuna aliyekushukuru. Kutakuwa na siku utasema mimi hapa nafanya nini. Hiyo usiipeleke kwenye posti, niletee mimi au mama yako, usiku wowote.

Jumapili jioni nipigie video tufanye usaili wa majaribio, mimi ntakuwa yule mjumbe mkorofi wa pembeni asiyecheka. Swali la kwanza nakupa kabisa ujiandae: kwanini nesi mwenye uzoefu kama wako anataka kwenda kukaa na kompyuta? Na usinijibu "napenda changamoto mpya", hiyo nitakukata hapo hapo nianze upya.

Baba yako