Albamu Moja Yatosha Kuacha Alama

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu hoja iliyotolewa katika ukurasa wako wa burudani, kwamba bendi iliyotoa albamu moja tu haistahili kutajwa miongoni mwa zilizoacha alama. Hoja hiyo inawavunja moyo vijana wetu wa Mbeya, na historia ya muziki inaikanusha.

Mwaka 1980 bendi ya Young Marble Giants, kutoka Cardiff nchini Wales, ilitoa albamu ya Colossal Youth kupitia Rough Trade, kampuni ya Uingereza ya kutoa muziki. Walikuwa watatu: Stuart Moxham kwenye gitaa na kinanda, nduguye Philip kwenye gitaa la besi, na Alison Statton aliyeimba kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuipaza wala kuipamba. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Midundo ilitoka kwenye mashine, na jukwaani waliicheza kutoka kwenye kaseti. Walirekodi kwa siku chache tu, bendi ikavunjika muda mfupi baadaye, na hawakutoa albamu nyingine ya studio. Hata hivyo, Kurt Cobain, mwimbaji wa bendi ya roki ya Marekani ya Nirvana, aliiorodhesha albamu hiyo miongoni mwa alizozipenda kuliko zote, na mwaka 1994 bendi ya Hole, nayo ya Marekani, ilitoa wimbo mmoja wa Young Marble Giants ikiwa imeurekodi upya.

Kinachonigusa zaidi ni ukimya uliomo. Besi ndiyo inayobeba wimbo, nalo gitaa, nyuzi zake zikiwa zimezibwa kwa kiganja, hudokoa noti chache kisha likanyamaza, hata msikilizaji akapata nafasi ya kuyasikia maneno. Aliyezoea kwaya zetu za Rungwe, zile zinazoimba kwa kufuata midundo ya kinanda peke yake, hatauona muziki huo kuwa mgeni.

Hapa Mwanjelwa wapo vijana wawili, mmoja wa gitaa na mwingine wa kinanda, waliokataliwa na studio moja ya mjini kwa maelezo kwamba wimbo usio na ngoma nzito hauuziki, wakaambiwa wakatafute kwanza mtayarishaji Dar es Salaam. Nauli hawana, na nyimbo zao, ambazo kwa maoni yangu zimekamilika, zimebaki kwenye simu.

Naziomba redio za Mbeya na Iringa zitenge muda wa saa moja wakati wa jioni kwa kazi za vijana wa Nyanda za Juu Kusini, hata zilizorekodiwa kwa vifaa vichache, nawe Mhariri uwape waandishi wako jukumu la kuzisikiliza kazi hizo mwanzo hadi mwisho kabla ya kuuliza msanii ana albamu ngapi.

Msomaji wako,
Mwanjelwa, Mbeya