Dk. Remmy hakuwa mzee wa vichekesho

Mhariri,

Jumapili iliyopita nilimsikia mtangazaji wa redio moja akimtambulisha mwanamuziki marehemu Dk. Remmy Ongala kuwa "yule mzee wetu wa sura mbaya na vichekesho". Akapiga wimbo wake "Kifo", hata haujafika katikati akaukata kwa matangazo ya biashara. Jina la Sura Mbaya alijipa mwenyewe, sina ugomvi nalo. Vichekesho ndivyo vilivyonikera.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Mwaka 1990, Remmy alipotoa "Mambo kwa Soksi", nilikuwa nahudumu kwenye kliniki hapa Dar es Salaam. Ukimwi ulikuwa umegundulika nchini tangu 1983, kule Kagera, lakini sisi wenye magauni meupe tulikuwa bado tunazungukazunguka: jikinge, tulia na mmoja, jihadhari. Kulitaja neno kondomu mbele ya baba mtu mzima ilikuwa kazi kweli. Remmy akashika gitaa, akawaambia watu wavae soksi, yaani kondomu. Radio Tanzania ikakataa kuupiga, na bara wakati ule hatukuwa na redio nyingine ya kukimbilia. Basi watu wakanakili kanda, zikalia kwenye mabaa. Wanaume waliokuwa hawanitazami usoni wakaanza kusogea dirishani: "Sista, zile soksi za Remmy mnazo?" Walikuwa wakicheka, lakini walichukua.

Huo ndio utunzi wake, si vichekesho. Semina zetu zote, pamoja na posho zake, hazikuwahi kuniletea foleni ya namna ile.

Wapo pia wanaomtoa kwenye hesabu kwa sababu alikuwa Mkongo. Alizaliwa Kindu mwaka 1947, ni kweli, na alikuja hapa 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, kisha akahamia Matimila, iliyokuja kuitwa Super Matimila. Lakini Kindu nako wanaongea Kiswahili, jamani! Na mtu aliyetunga "Mnyonge Hana Haki" alikuwa anamsemea mpangaji wa Manzese kuliko wengi waliozaliwa hapa. Ni nyimbo za huyo mnyonge zilizompeleka Uingereza kwenye tamasha la muziki la WOMAD mwaka 1988, na mwaka uliofuata Real World, kampuni ya kurekodi ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ikatoa albamu yake. Miaka ya mwisho aliokoka, akaimba injili, mpaka alipofariki Desemba 13, 2010. Sinza kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy; mjukuu wangu alidhani ni jina la duka.

Ombi langu kwa wakuu wa vipindi: Desemba ikifika, msituwekee "Kifo" peke yake. Huo tunausikia misibani mwaka mzima. Pigeni "Mambo kwa Soksi" mwanzo hadi mwisho, halafu mwiteni muuguzi kijana studioni awaeleze wasikilizaji ni wavulana wangapi bado wanatuma rafiki kuwachukulia kondomu kwa aibu. Kama wimbo bado unaonekana mkali kwa mchana, uwekeni saa nne usiku. Watoto watakuwa wamelala, na wanaouhitaji ndiyo kwanza wanavaa viatu watoke.

Muuguzi mstaafu,
Kijitonyama, Dar es Salaam