Yah: Folda ya pamoja iliyofutwa kwa maelekezo ya ofisi yenu

Mwanza,
1 Septemba 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni ofisi ndogo ya uhasibu. Watatu tupo Mwanza, mwenzetu mmoja yuko Arusha, na wote tunafanya kazi ndani ya folda moja ya pamoja, ambayo programu yenu huisawazisha, yaani huifanya iwe sawa mtandaoni na kwenye kila kompyuta. Hifadhi yenu ya mtandaoni tunailipia tangu 2022 na hatujachelewesha hata mwezi mmoja. Naandika kwa sababu Alhamisi ya tarehe 14 Agosti nilifuta kazi ya wiki tatu kwa mkono wangu mwenyewe, huku kijana wenu akiwa kwenye simu ananielekeza pa kubonyeza.

Nilipiga nikiwa na mambo mawili. La kwanza dogo: mwenzetu wa Arusha anatumia Mac, akaunda folda akaipa jina Mauzo 07/2025. Mac inaukubali huo mstari wa mshazari kwenye jina, Windows haiukubali kabisa, kwa hiyo kwake folda ipo na kwetu haionekani. Dawa yake ni kubadilisha mstari uwe kistari, basi. Tuligundua wenyewe siku nne baadaye, kwenu hakuna aliyetuambia. La pili ndilo lililotuua: Arusha alikuwa akilalamika kwamba hesabu anazofungua ni za mwezi uliopita, wakati kwenye kompyuta yangu kila folda ina tiki ya kijani, alama ya kwamba kila kitu kimeshapanda mtandaoni.

Kijana wenu ana adabu. Alinipa shikamoo, akaniita mama mwanzo hadi mwisho, sina ugomvi naye kwa hilo. Ila hakuuliza lolote kuhusu ile tiki. Alisema, "Mama, funga kila kitu, tusimamishe kusawazisha kwanza. Sasa futa hiyo folda yote, itashuka upya ikiwa safi." Nikamuuliza, kule juu mtandaoni haitafutika? "Hapana mama, kule ndiko kwenye asili." Akaniambia nibonyeze Shift na Delete kwa pamoja ili pipa la taka la kompyuta lisijae. Nikabonyeza. Tukawasha tena usawazishaji, nikakaa nasubiri folda ishuke. Hazijapita dakika tano simu ya pili ikaita, ni Arusha: "Dada, mbona faili zinapotea moja moja naziona?"

Ndivyo programu yenu ilivyotengenezwa, nami siilaumu kwa hapo. Iliona folda imefutwa kwangu, ikapeleka habari juu, na kutoka juu ikafuta kwa kila mtu. Aliyepaswa kulijua hilo ni anayeajiriwa kuelekeza watu. Kama kweli alitaka folda ishuke upya, angeniambia kwanza nikopi kila kitu kwenye diski ya nje, kisha niiondoe akaunti kwenye kompyuta, ndipo tuguse folda. Kukopi kungechukua nusu saa.

Faili nyingi tumezikuta kwenye pipa la taka la mtandaoni. Lakini faili kuu ya programu ya hesabu, ile yenye vitabu vya wateja wote, imerudi ikiwa ya tarehe 24 Julai. Kila tulichoingiza baada ya hapo, pamoja na kazi tuliyokuja kuifanya Nane Nane wenzetu wakiwa mapumzikoni, hakikuwahi kupanda. Kilikuwa kwenye diski yangu tu, na kwenye diski yangu nilikuwa nimeshakifuta.

Kwa nini hakikupanda? Tulimwita fundi wa jirani, akafungua kumbukumbu za programu yenu, zimefichwa ndani huko ambako mteja hafiki. Mstari ni uleule kila siku, kuanzia 25 Julai: faili imeshikiliwa na programu nyingine, imerukwa. Sisi programu ya hesabu tunaifungua asubuhi na kuifunga saa kumi na moja jioni, kisha nazima kompyuta na kuchomoa plagi, kwa sababu umeme wa mtaa wetu ukirudi usiku hurudi na kishindo. Mchana kutwa faili imeshikiliwa na programu hiyo, na jioni haipati hata dakika kumi za kupanda. Programu yenu ililijua hilo siku 21 mfululizo. Iliandika kila siku. Kisha ikaniwekea tiki ya kijani.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu, Ndugu Meneja, na naomba lisichanganywe na mengine. Kukwama ni jambo la kawaida. Kukwama na kuonyesha kwamba mambo ni shwari, hilo silikubali.

Barua pepe yenu ya tarehe 19 Agosti inasema huenda chanzo ni intaneti ya upande wetu. Intaneti mbovu tunaijua. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tulikaa na alama ya kuzunguka kutwa nzima, na angalau ile alama ilisema kweli. Mnasema pia kwamba kusawazisha si sawa na nakala rudufu, ile ya akiba inayokaa pembeni. Nakubali, sasa najua. Aliyetuuzia huduma yenu alikaa kwenye kiti cha wageni hapa ofisini akatuambia hata kompyuta ikiibiwa leo, kesho kazi yetu tunaikuta.

Ritani za VAT za Julai mwisho wake ulikuwa tarehe 20 Agosti. Tulikesha siku tano tukirudia risiti za EFD, zile za mashine za kodi, mojamoja. Mwenye duka la dawa huweka zake kwenye boksi la maziwa juu ya kabati, chini ya bati, na karatasi ile joto huila wino. Nyingine tulizisoma kwa kuzilaza pembeni na kuzimulika na tochi ya simu mpaka tarakimu zitokee kama kovu. Wateja wawili tulishindwa kuwawahisha, na adhabu yao tutailipa sisi, kwa sababu siwezi kumwambia mtu mzima kwamba tiki ilinidanganya.

Ninachotaka ni hiki. Pipa lenu hutunza vitu siku 30, kwa hiyo mwisho wetu ni tarehe 13 Septemba, na mpaka leo tunarudisha faili mojamoja zikiwa zimemwagwa bila folda zake. Turudishieni folda nzima kwa mpangilio wake wa asubuhi ya tarehe 14 Agosti, kazi ambayo naamini kwenu ni ya mchana mmoja. Malipo ya Agosti mturudishie. Na mnijibu kwa maandishi kama ile tiki mtaibadilisha iseme ukweli pale faili inaporukwa, kwa sababu mwezi ujao tunaamua kuendelea nanyi au kuhama.

Nipo ofisini siku za kazi kuanzia saa mbili asubuhi. Namba yangu mnayo kwenye kumbukumbu za simu ya tarehe 14. Atakayenipigia awe ameshasoma barua hii, asije akaniambia nizime niwashe.

Wako katika kazi,

Mhasibu Mwandamizi