Mayai ya Pasaka nyumbani kwetu hayatoki dukani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua. Wiki iliyopita mlichapa barua ya msomaji aliyesema kwamba mayai ya rangi ya Pasaka ni mambo ya madukani, yameletwa juzi na wafanyabiashara, na Mkristo wa Tanzania hana haja nayo. Kama yeye hana haja nayo, sina ugomvi naye. Lakini kwamba ni mambo ya madukani, hapo naomba nimjibu, kwa sababu jikoni kwangu mayai hayo yamepikwa kila mwaka tangu 1990, tena ya kuku wetu wenyewe wa kienyeji.

Mke wangu ni Mpolandi. Tulikutana Kraków nikisomea uhandisi, tukaja kuishi Morogoro mwishoni mwa 1989. Mtaani wanamwita Mama Zosia. Pasaka yake ya kwanza hapa iliangukia Aprili 15, 1990, katikati ya masika. Kwao sikukuu hii huja theluji ikiyeyuka na miti ikianza kuchipua. Hapa aliikuta milima ya Uluguru imefunikwa na wingu tangu asubuhi, na njia ya kwenda kanisani ni tope tupu.

Jumapili ya Matawi mwaka ule sitaisahau. Poland haina mitende, kwa hiyo watu hubeba vijiti vya mti unaoota kando ya mito, vyenye vichipukizi laini kama manyoya ya paka, wao huviita bazie. Mke wangu alikuwa na miaka ishirini na sita na hajawahi kushika tawi la mtende. Mtoto wa jirani akampa lake. Alilishika misa nzima, akalirudisha nyumbani, likakaa nyuma ya msalaba ukutani mpaka likakauka kabisa.

Kazi kubwa ilikuwa kikapu. Kwao, Jumamosi Takatifu kila familia hupeleka kanisani kikapu kidogo kilichofunikwa kitambaa cheupe, padri anakinyunyizia maji ya baraka. Ndani yake kuna mayai, mkate, chumvi, soseji, mzizi mkali unaokwanguliwa wa kuwakumbusha uchungu wa mateso, na mwanakondoo aliyefinyangwa kwa siagi. Yule wa siagi hakufika kanisani. Tulitembea dakika arobaini, na tulipofunua kitambaa siagi ilikuwa imeloweka mkate. Mama Zosia alilia pale barazani, nami sikuwa na neno la kumwambia. Tangu mwaka uliofuata mwanakondoo ni wa unga wa ngano, anaokwa kwa mkaa, na macho yake ni karafuu mbili.

Mengine aliyapata kwa kuulizauliza. Jirani yetu Mluguru, bibi aliyekwisha kufariki, ndiye aliyemwonyesha kwamba mzizi wa mlonge una ukali ule ule alioutafuta. Tunaumenya kwanza, kwa kuwa ganda lake si salama kula, na tunakwangua kidogo tu. Supu yao ya Pasaka hutokana na unga uliochachushwa. Kwao unga huo hukaa siku nne au tano pembeni mwa jiko, lakini kwa joto la hapa siku mbili zinatosha. Watu wa jumuiya yetu walipoionja walisema ni binamu yake togwa, na tangu hapo hawahitaji kukaribishwa.

Sasa mayai yenyewe. Tunaanza kuweka maganda ya vitunguu maji tangu Jumatano ya Majivu, hadi mfuko ujae. Yakichemshwa pamoja na mayai hutoa rangi ya kahawia iliyokolea kama udongo wa Kilosa. Manjano hutoa rangi ya dhahabu. Choya, ambayo mtu angetegemea ilete wekundu, huacha buluu iliyofifia. Kisha wanangu hukaa na sindano wakichora kwa kukwangua rangi: majani, misalaba, mwaka mmoja hata treni. Asubuhi ya Pasaka nalikata yai moja lililobarikiwa, kila mmoja anachukua kipande na kumtakia mwenzake heri kabla ya kugusa chakula kingine. Duka liko wapi hapo?

Wala mke wangu si wa kwanza. Kuanzia 1942 Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tanganyika kupitia Iran baada ya kufukuzwa makwao na Wasovieti na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Tengeru, karibu na Arusha, palikuwa na kama elfu tano, na kambi nyingine ndogo ilikuwa hapa hapa Morogoro. Tulikwenda Tengeru kuyaona makaburi yao. Mama Zosia alisoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, huku mvua ikinyesha. Aliporudi garini aliniuliza kitu kimoja tu: wale akina mama waliwapikia watoto wao mayai kwa maganda gani?

Jumatatu ya Pasaka watoto wa Poland humwagiana maji. Watoto wa mtaa wetu walijifunza hilo haraka kuliko katekisimu. Siku hizi wananisubiri mimi, mzee wa miaka sitini na tisa, na makopo yao nyuma ya mchongoma.

Mhariri, kila mwaka ukurasa wenu wa Pasaka huwa na picha ya mayai ya chokoleti kwenye rafu. Nadhani ndiyo iliyomfanya msomaji wenu afikiri alivyofikiri. Mwaka huu mleteni mpiga picha Kihonda. Jumamosi Takatifu tunatoka nyumbani na kikapu saa tisa alasiri. Mwaka jana mbele ya altare vilikuwa vikapu kumi na saba, na kimoja tu ndicho cha Mpolandi. Msomaji yule naye namkaribisha. Aje na mayai yake, maganda ya vitunguu tunayo ya kutosha.

Baba Zosia,
Kihonda, Morogoro