Tuandikieni na hizi pikipiki kubwa

Ndugu mhariri, salamu. Mi ni fundi pikipiki, naomba kurasa zenu ziguse pia zile mashine kubwa zisizo na makava, injini yote iko nje unaiona. Chukulia Speed Triple ya Triumph ya Uingereza, ilitoka 1994 na silinda tatu, cc 885, taa moja tu ya duara. 1997 ikaja toleo jipya, T509, hapo ndo wakaweka taa mbili kama macho ya chura, na swingiamu, yani ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, ya mkono mmoja, yani ukisimama upande wa pili rimu yote ya nyuma iko wazi utadhani haijashikwa na kitu, mi hapo hunyamaza naangalia tu. 2005 ikafika cc 1050, halafu 2021 ikawa 1160 na nguvu za farasi kama 180 hivi, na uzito kilo 198 tanki likiwa limejaa! Ila silinda ni zilezile tatu mpaka leo, na hicho ndo nakipenda sana, maana tatu inavuta toka injini ikizunguka taratibu, na ikizunguka kasi bado ina pumzi. Vijana gereji wananiuliza haya kila siku, wapeni cha kusoma jamani.

Fundi, msomaji wenu