Barua kwa mwanangu: mwalimu mpya ni mamako

Faza, Lamu
10 Februari 2026

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mimi mamako sijambo, Alhamdulillahi, ila koo tu. Sauti ilinikauka wiki ya pili ya shule na mpaka leo haijarudi sawasawa. Tangawizi nimekunywa hadi midomo yawasha. Ndiyo maana zile sauti zako za WhatsApp sikuzijibu kwa sauti. Nimechukua daftari na kalamu, na Ijumaa nikivuka kuja Amu, mjini Lamu, nitampa mtu wa basi akufikishie Kilifi.

Umeuliza kazi ikoje, kisha ukauliza, kwa ulimi wako huo, kama sijuti kuacha biashara ya mahamri kwa posho ya mwalimu mwanagenzi, shilingi 15,000. Nitakujibu yote. Wewe mwenyewe unasomea ualimu hapo Chuo Kikuu cha Pwani, na siku moja utapewa barua ya kwenda usikokujua. Heri uyasikie kwangu kuliko kwa mhadhiri ambaye darasa la watoto aliliona mara ya mwisho Moi akiwa Ikulu.

Kwanza, wenzako wakicheka kwamba mamako ndiye mwalimu mpya, waache wacheke. Cheti cha P1, cha ualimu wa shule ya msingi, nilikichukua chuo cha Shanzu mwaka 2007, wewe ukiwa bado wabebwa. Tangu hapo kila TSC, tume ya kuajiri walimu, ilipotangaza nafasi nilipeleka karatasi zangu, na kila majina yalipotoka langu halikuwamo. Nimesoma na watu ambao leo ni walimu wakuu. Wengine walichoka kungoja wakaenda zao Saudia. Mlango wenyewe hufungwa mtu akipita miaka 45, nami nilishaanza kuuona unasogea. Basi barua ilipokuja Desemba, hata kama ni ya uanagenzi wa mwaka mmoja, sikuuliza ni wapi. Aliyeuliza ni baba yako. Nilipomwambia ni Faza, kisiwani Pate, akasema, "Kwani Amu shule zimekwisha?"

Shule zilifunguliwa Jumatatu tarehe 5 Januari. Mimi niliondoka Jumamosi, na mwezi siku hiyo ulikuwa mpevu. Wewe mtoto wa Langoni unajua maana yake: bamvua, maji hujaa na kupwa kupita kawaida; asubuhi yamekupwa, na ule mkondo wa Mkanda haupitiki. Kulikuwa na kijana kutoka bara, mwanagenzi kama mimi, kapangiwa shule hiyo hiyo. Alikuwa gatini tangu saa moja na sanduku lake na godoro, anatazama saa kila mara. Nikamwambia aketi anywe chai, boti haiondoki mpaka maji yaanze kujaa. Akasema barua inataka tufike kabla ya Jumatatu. Nahodha akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Mwambie aliyeandika barua aje atusukume."

Tuliondoka baada ya adhuhuri. Mkandani injini ilipunguzwa, mikoko huku na huku, baharia mmoja mbele na upondo akipima kina. Kijana alikuwa kimya kabisa. Nadhani alikuwa bado anafikiria ile barua.

Nakueleza habari za maji kwa sababu ndizo zilizonifungulia darasa langu. Nimepewa Gredi ya 4, watoto 38 kwenye rejista. Nilikuwa nimejiandaa, si mchezo: maazimio ya kazi ya muhula mzima, andalio la kila kipindi, majina yote kwenye karatasi ya manila ya kubandika ukutani. Jumatatu wakaja 11. Kijana wa bara, aliyepewa Gredi ya 6, alipata tisa. Akarudi ofisini, akaketi, akasema watu wa huku hawathamini elimu. Nikamwambia asiseme hivyo mpaka aende mwambani saa tano na nusu.

Maana huko ndiko walikokuwa. Bamvua la wakati wa kaskazi maji hukupwa mbali, mwamba unatoka uchi, na kila mwenye miguu anaingia na kijiti chake cha chuma kutafuta pweza: kina mama, wasichana, watoto wa umri wa Gredi ya 2. Mnunuzi anangoja ufuoni na mizani yake. Siku hizo chache ndizo zinazonunua sare na viatu vya kuendea hiyo shule tunayolalamika hawaji.

Alhamisi wakaanza kurudi, na wiki iliyofuata, maji yakiwa mafu, hayapwi mbali, nilihesabu 36. Nikamwomba naibu wa mwalimu mkuu rejista ya mwaka jana, wakiwa Gredi ya 3, nikakaa nayo jioni nikitia umri wa mwezi kandokando kwa penseli. Mwanangu, ilisomeka kama jedwali la maji la bandarini. Mwezi ukiandama, mapengo, ukipevuka, mapengo, katikati darasa limejaa. Na aliyenitangulia alikuwa ameandika kwa wino mwekundu "mtoro sugu", mbele ya majina yale yale.

Sikumwita mzazi hata mmoja. Nilichofanya ni kupanga upya maazimio yangu. Mada nzito, kama sehemu na desimali, nimezitia wiki za maji mafu. Wiki za bamvua ni marudio, kusoma kwa sauti, kazi za mikono, mambo ambayo aliyekosa siku mbili atayadaka akirudi. Mwalimu mkuu aliyatazama akauliza mbona hayafuati mpango wa kitabu. Nikamfungulia rejista yenye penseli yangu. Hakusema ndiyo wala la, alitia sahihi.

Si dawa ya kila kitu. Mtoto anatakiwa awe shuleni, basi, na hilo nawaambia kila nikikutana nao ufuoni. Tena yupo binti mmoja ambaye hafuati mwezi wala jua, haji tu. Nilikwenda kwao nikamkuta anamlisha mdogo wake uji, mama yao yuko Mombasa hospitalini na baba yuko baharini. Nilimwachia kitabu cha kusoma. Huyo sina jibu lake, na ndiye ninayemfikiria usiku, si hao wa pweza.

Sasa habari ya koo. Siku ile ya kwanza mwalimu mmoja wa siku nyingi alinikabidhi bakora ya mkwaju, imelainika kwa kushikwa, akasema ni mali ya darasa, kila anayekuja huikuta na kuiacha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza kumpiga mwanafunzi, na hakuna mtu pale ofisini asiyeijua. Lakini mgeni haanzi kazi kwa kumsomea sheria mtu aliyeshika chaki tangu yeye mwenyewe akiwa mwanafunzi. Nilishukuru, nikaiweka juu ya kabati. Ipo hadi leo; naitumia kusukuma dirisha la juu lisilofikika. Wenzangu walicheka wakaniambia, "Utaona."

Na kweli niliona. Darasa limejaa, bati linapika, upepo wa kaskazi unapeperusha karatasi, na mimi nina maneno matupu. Nilipiga kelele juu ya kelele zao hadi sauti ikakata kabisa. Asubuhi moja nikasimama mbele yao siwezi hata kusema "kaeni". Nikaandika jedwali la saba ubaoni, nikaanza kugonga meza kwa kifutio, taratibu, kwa mdundo. Watoto hawa, ujue, alfajiri wametoka chuoni, kusoma Qur'ani. Kusoma kwa pamoja na kwa mahadhi wako nako tangu wana miaka minne. Wakaitika wenyewe. Saba mara moja saba, wakaenda nayo mpaka mwisho, na walipofika mwisho wakanyamaza wote kwa pamoja kama wanavyonyamaza mbele ya maalimu wao. Nami nikadakia hapo hapo nikaonyesha zoezi kwa kidole. Sasa ndiyo kengele yangu: nikigonga wanaitika, wakimaliza wametulia. Anayelalamika ni mwalimu wa Gredi ya 5, ukuta wa pili. Anasema watoto wake wamejua jedwali la saba lakini hawajui anachofundisha yeye.

Kuna kijana mmoja mrefu wa dawati la nyuma, bingwa wa mwambani. Kwenye karatasi ya tathmini alama yake ni "kukaribia matarajio", na hapo mwalimu amempendelea. Nilimpa maswali ya desimali akanirudishia karatasi nyeupe imekunjwa vizuri. Nikasogea kwake nikamuuliza kwa mdomo, sauti yenyewe ya kunong'ona: pweza wa kilo mbili na robo tatu, kilo ni shilingi 200, utalipwa ngapi?

"Mia tano."

"Tazama tena. Ni mia tano na hamsini."

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, robo hukatwa ya maji."

Darasa zima likamuunga mkono. Hata wale wasiofungua mdomo. Nikaandika ubaoni 2.75, nikatoa 0.25, ikabaki 2.50, nikazidisha kwa 200. Hapo ndipo ile nukta ilipopata maana kwao. Na mimi ndipo nilipojua kwamba kina mama wa hapa hukatwa robo kilo wakifika mizanini, awe pweza ametiririka maji au amekauka. Jambo hilo halimo katika kitabu cha hisabati, lakini tumelifanyia zoezi: ukipeleka pweza wanne mmoja mmoja unakatwa ngapi, ukiwapeleka pamoja unakatwa ngapi. Bamvua lililofuata, niliambiwa, mnunuzi alishangaa kuona watoto wanakuja na kapu moja.

Mtaala wenyewe naujifunza pamoja nao. Sisi Shanzu tulifunzwa kufundisha 8-4-4, ule mfumo wa zamani. Nyinyi ndio watu wa mtaala wa umilisi. Zile karatasi za kutathmini kila mtoto kwa kila umilisi zinamaliza jioni yangu yote. Kijana wa bara ananisaidia kuzijaza, nami namsaidia kwa sufuria, maana alikuwa anaishi kwa mkate na soda. Juzi kaniuliza, "Mama, wiki ijayo maji yakoje?" Sasa naye ameupeleka mtihani wake wiki ya maji mafu. Lakini bustani ya somo la Kilimo na Lishe imetushinda sote wawili. Kitabu kinasema mwagilieni asubuhi na jioni. Visima hapa vina chumvi, na maji ya jabia, birika la maji ya mvua, hakuna mzazi atakayekubali yamwagiwe mchicha. Tunajaribu kwa maji ya kuoshea mikono. Mchicha umeota, ila umekonda.

Haya, hesabu yako. Shilingi 15,000 ni kabla ya makato. Toa chumba, toa boti nikija nyumbani na kurudi, toa cha kumwachia bibi yako na mdogo wako. Mahamri, miezi ya wageni, yalinipa zaidi ya hapo, na pesa nilizishika mkononi kabla jua halijawa kali. Hizi za Januari hata kuingia hazijaingia. Tunaambiwa majina yetu bado yanashughulikiwa, na anayeshughulikia hatujui ni nani. Kwa hiyo kama swali ni la pesa, ndiyo, najuta, hasa mwenye nyumba anapopita mlangoni akajikohoza. Kama swali ni kurudi jikoni, la. Unga niliujua wote. Hawa 38 sijawajua nusu.

Wiki ijayo mwezi wa Mlisho unaisha, Ramadhani inaandama, na mwezi ukiandama ni bamvua tena. Saumu na pweza zinakuja pamoja. Wengi wa darasa langu wana miaka tisa, kumi. Watafunga hadi adhuhuri kwa ujasiri, kisha utawaona macho yanatafuta mtungi. Nimeomba hisabati iwe kipindi cha kwanza mwezi mzima, na michezo ya alasiri tumeiondoa kwenye ratiba. Mimi nikifunga, koo huenda likapona kwa kupumzishwa tangawizi.

Nina maombi mawili. Ulizia wanafunzi wa mwaka wa nne waliomaliza mazoezi ya kufundisha kama wana chati za desimali wasizozitaka. Usinunue, omba tu, ukutani kwangu kumebaki majina peke yake. La pili, ile mizani yangu ya unga iko kwa shangazi yako tangu aichukue biashara. Nataka darasa lipime lenyewe, kuanzia mawe hadi kaa. Nimempigia, amesema mahamri yake hayatoki sawa bila mizani. Mpigie na wewe, umwambie yangu yalitoka kwa kikombe miaka yote hiyo na hakuna aliyerudisha. Akikataa, Ijumaa nitaichukua akiwa msikitini.

Bibi yako anakusalimu. Soma, na ule.

Wasalaam,
Mamako